Mhusika Yuko Tayari kwa Mahojiano

Stellah Mwau aliusoma ujumbe wa kuteuliwa kwake akiwa na mswaki mdomoni. Povu la dawa ya meno lilimshuka kidevuni, likapita shingoni, likaingia ndani ya kola ya blauzi aliyokuwa ameipiga pasi muda huo huo, naye hakulifuta. Alibaki amesimama mbele ya sinki la nyumba yake ya kupanga kule Waithaka, simu mkononi, akiyarudia maneno yale yale kana kwamba yangebadilika kwa kusomwa sana. "Tuna furaha kukuarifu kwamba umeingia fainali ya Tuzo za Paka na Panya, kitengo cha Ukumbusho wa Upole. Mshindi atatangazwa Ijumaa wakati wa chakula cha mchana. Barua pepe iliyomletea ushindi itasomwa jukwaani, neno kwa neno."

Neno kwa neno. Stellah akatema povu, akateremsha kifuniko cha choo, akaketi juu yake.

Mtu asiyeijua kazi yake angemshangaa, maana tuzo zenyewe ni za mzaha. Kila mwaka waandishi wa habari wa Nairobi na maafisa wa uhusiano mwema hukutana hotelini katikati ya jiji, wakala pamoja, wakasutana huku wakicheka. Waandishi huwatuza maafisa kwa vituko vyao, maafisa nao huwalipa kwa kipimo hicho hicho. Kuna tuzo ya mwandishi aliyesema "nipe dakika tano" akapotea mpaka mwezi ukaandama. Kuna tuzo ya Sambusa, ya yule aliyefika mkutanoni chakula kikipakuliwa na kuondoka hotuba zikianza. Kuna tuzo ya taarifa iliyotumia neno "kimapinduzi" kuliko zote, na mwaka uliotangulia ilinyakuliwa na kampuni iliyokuwa ikizindua kifuniko cha ndoo.

Na kuna Ukumbusho wa Upole. Hilo ndilo jina la zile barua ambazo afisa humwandikia mwandishi akiwa hajajibiwa ya kwanza: nakukumbusha tu kwa upole. Sijui ni nani aliyeyaleta maneno hayo mjini, ila najua kwamba hakuna mtu aliyewahi kukumbushwa hivyo akauona upole wenyewe. Afisa anataka habari ya mteja wake itoke gazetini. Mwandishi anataka habari pia, ila si hiyo. Basi huyu hukumbusha na yule hunyamaza, na wote wawili hulipwa mshahara mwisho wa mwezi.

Kwa afisa mwingine kuingia fainali kungekuwa sifa, kitu cha kujigamba nacho mtandaoni. Stellah hakuwa na moyo wa kujigamba. Yeye alijua barua moja tu iliyostahili kumfikisha fainali, na siku aliyoigundua alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mambo yalianza wakati wa mvua za masika, Fahim Mgeni alipofiwa na mamake. Fahim alikuwa mwandishi wa habari za biashara katika gazeti moja la jijini, mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Kibokoni, mwenye sauti ya chini na jicho kali. Kwa miaka mingi ndiye mwandishi pekee aliyezipokea simu za Stellah bila kumzungusha. Akipelekewa taarifa mbovu alisema wazi, "Stellah, hii si habari. Hili ni tangazo lililofungwa tai," na Stellah alirudi akaivua tai. Wakati mmoja ghala la mteja wa Stellah liliteketea, naye akamweleza Fahim ukweli wote kabla hajaulizwa. Fahim akaandika ukweli huo bila kuutia chumvi. Tangu hapo waliaminiana. Hawakujuana majumbani, hawakuwahi kunywa chai pamoja, lakini katika kazi yao kuaminiana ni jambo la kushikwa kwa mikono miwili.

Habari ya msiba ilimfikia kupitia kundi la waandishi kwenye simu. Fahim alikuwa ameshasafiri, na kwa desturi ya dini yake mama alizikwa siku hiyo hiyo, wakati watu wa Nairobi walikuwa bado wanatafutana wachange nini. Stellah hakutaka kuweka picha ya mshumaa kwenye kundi kama wenzake. Alikaa mezani pake, ofisini Kilimani, akaandika akafuta, akaandika akafuta, hadi zikabaki sentensi chache alizoona ni za kweli: "Kaka Fahim, nimesikia habari za mama. Sina la kusema ila pole, wewe na jamaa zako wote. Mungu amlaze pema." Akaituma kwa barua pepe, kwa kuwa ndiyo njia waliyozoea. Akaituma kutoka kwenye kompyuta ya ofisi, na hapo ndipo alipokosea.

Mwenye kampuni, Bi. Phoebe Mwaura, alikuwa amenunua mfumo mpya wa kutuma barua na kuupa jina la Msaidizi. Msaidizi hakulala wala kuomba ruhusa. Mwandishi asipojibu, Msaidizi humwandikia tena. Asipojibu tena, humwandikia tena, hadi ukumbusho wa tatu, kisha humwacha. Stellah ndiye aliyeutungia maneno ya kukumbusha, na siku aliyoyamaliza Bi. Phoebe aliyasoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima, watu wakapiga makofi. Ila usipotaka Msaidizi ajiingize, ilibidi uondoe alama katika kisanduku kidogo chini ya barua. Siku ile Stellah alikuwa na machozi machoni. Kisanduku hakukiona.

Kwa hiyo Fahim, akiwa matangani, aliandikiwa: "Habari Fahim, nakukumbusha tu kwa upole kuhusu barua yangu hapo chini. Umepata nafasi ya kuipitia?" Siku zikapita, akaandikiwa: "Habari Fahim, najua una shughuli nyingi. Unaona hii inaweza kuwafaa wasomaji wako?" Na mwisho kabisa, chini ya rambirambi zile zile, akaandikiwa: "Habari Fahim, huu ni ukumbusho wangu wa mwisho. Mhusika yuko tayari kwa mahojiano wakati wowote utakaokufaa, ana kwa ana au kwa simu."

Stellah aliyaona hayo jioni ya siku hiyo ya ukumbusho wa tatu, alipokuwa akitafuta kitu kingine. Aliinuka, akaenda kusimama kwenye ngazi za jengo, akashika chuma cha ngazi mpaka mikono ikafa ganzi. Mhusika yuko tayari. Alirudi mezani akafanya lile ambalo hofu humwelekeza mtu kufanya: akalifuta jina la Fahim kwenye Msaidizi, ili asiandikiwe tena kamwe. Kisha akaichukua simu ampigie, aombe msamaha. Akaiweka chini bila kupiga. Kesho yake alijiambia kwamba mtu bado ana majonzi, haifai kumsumbua. Baada ya hapo akajiambia asubiri arudi kazini. Fahim aliporudi, jina lake likaanza kuonekana tena gazetini, lakini hakumpigia Stellah wala kumwandikia, na Stellah akaona kimya hicho ni hukumu. Kufikia hapo msamaha ulikuwa umeshachelewa, na sasa ungehitaji msamaha wake wenyewe wa kuchelewa.

Siku moja alimwona kwa mbali katika Barabara ya Kimathi, anakuja upande wake. Stellah akajitupa ndani ya duka la sare za shule, akauliza bei ya sweta ya mtoto wa darasa la pili. Hana mtoto. Muuzaji alimtolea sweta za rangi tatu, naye akazipapasa moja moja, akakagua mishono, hadi alipohakikisha kwamba njia ni nyeupe.

Na sasa tuzo. Chini ya ujumbe wa uteuzi palikuwa na jina la mwenyekiti wa waamuzi wa mwaka huo, yule ambaye angepanda jukwaani na kuisoma barua ya mshindi. Fahim Mgeni.

*

"Tumeingia!" Bi. Phoebe alimpokea mlangoni. Alikuwa mama mwenye mwili na bashasha, mtu wa kucheka kabla ya mzaha kufika mwisho. "Stellah, nimeshika meza mzima. Hiyo ni matangazo ya bure, na sisi ndio huuzia watu matangazo. Watasoma gani? Ile ya vigae?"

"Sijui, Madam."

"Lazima ni ya vigae. Ile ilikuwa moto."

Stellah alitaka kumwambia. Lakini kumwambia Bi. Phoebe kungekuwa kumweleza kwamba Msaidizi, anayemsifu kwa kila mteja, alimwomba mfiwa apange mahojiano na marehemu, kwa maneno aliyoyatunga Stellah, na kwamba Stellah alijua akanyamaza. Akasema tu kwamba Ijumaa huenda asijisikie vizuri.

"Usiniletee hiyo," Bi. Phoebe alisema. "Usipokuja, mimi ndio nitapanda juu nichukue. Na nitavaa ile nguo yangu ya kitenge, watu watajua."

Hapo Stellah akaona amebanwa. Akikaa nyumbani, barua itasomwa na mwajiri wake akiwa amesimama jukwaani kwa kitenge na tabasamu. Akienda, ataisikia mwenyewe mbele ya kila mtu anayeijua kazi yake katika jiji hili. Usingizi ulimhama. Alilala akiisikia sauti ya Fahim ikisoma, ile sauti ya chini isiyo na haraka, na ukumbi ukitulia polepole watu wanapong'amua wanachokisikia. Hakuhofia kicheko. Alihofia pale kicheko kingekatika.

Rafiki yake wa ofisini, Yvonne, ndiye peke yake aliyeambiwa. Walikuwa jikoni mwa ofisi, maji ya chai yakichemka. Yvonne alisikiliza hadi mwisho, akafunika mdomo kwa kiganja, na Stellah hakuweza kujua kama anazuia kilio au kicheko.

"Si ungempigia tu?" Yvonne alisema mwishowe. "Hata sasa. Mwambie pole, ilikuwa ni mashine."

"Sasa nikimpigia ataona naogopa kusomwa."

"Na si ni ukweli unaogopa?"

"Ni ukweli. Ndiyo maana."

Yvonne akammiminia chai.

*

Ijumaa ilifika. Walishuka mjini kwa teksi, Bi. Phoebe akijaribu hotuba ya shukrani kwa niaba ya Stellah, na Stellah akiangalia dirishani majengo yanayomjua. Ukumbi wa hoteli ulikuwa umejaa. Waandishi walikuwa upande mmoja na maafisa upande mwingine, kama upande wa bwana harusi na wa bibi harusi, ila hapa kila upande ulikuwa umeshawaonea wenzao. Zawadi zilipangwa mbele: panya wa mbao waliopakwa rangi ya dhahabu.

Kiti cha mwenyekiti wa waamuzi kilikuwa kitupu. Mshereheshaji, Musembi, mtangazaji wa redio mwenye sauti nene kuliko mwili wake, aliwaeleza watu kwamba mwenyekiti bado yuko msikitini kwa sala ya Ijumaa, kwa hiyo kitengo chake kitakuja mwisho. Stellah aliposikia hivyo akaingiwa na tumaini la kijinga. Pengine hotuba ya msikitini ingerefuka. Pengine angekutana na mtu njiani. Aliona aibu kuombea sala ya mtu isiishe, lakini aliomba.

Tuzo zikatolewa. Mwandishi wa "nipe dakika tano" alipoitwa jina, alisema kutoka mezani kwake, "Nipe dakika tano," na ukumbi ukaangua kicheko. Mshindi wa Sambusa alipanda akiwa bado anatafuna. Bi. Phoebe alicheka hadi akashika meza. Kuku wa Stellah alipoa kwenye sahani, mafuta yakaganda pembeni. Kila mlango wa ukumbi ulipofunguliwa alinyanyua macho, na kila mara alikuwa mhudumu.

Kisha hakuwa mhudumu. Fahim aliingia kwa kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake, akasalimia meza ya mbele kwa kuweka mkono kifuani. Alikuwa amekonda. Uso ulikuwa ule ule, ila mashavu yalikuwa yameingia ndani, na alipoketi aliyakunja mabega kidogo kama mtu anayesikia baridi. Stellah alimtazama, na kwa muda mfupi akasahau kuogopa.

Musembi akamwita. Fahim akapanda na bahasha, akasimama nyuma ya maikrofoni.

"Waamuzi wenzangu walinipa kazi ya kusoma vikumbusho vyote," alianza, bila tabasamu. "Nimekumbushwa kwa upole mpaka nikauogopa upole. Kuna mmoja alinikumbusha kuhusu ukumbusho wake." Watu wakacheka. Akangoja watulie. "Mshindi ni mtu ninayemjua. Nimefanya naye kazi miaka mingi. Stellah Mwau."

Meza yao ikalipuka kwa shangwe. Bi. Phoebe alimpiga mgongoni. Stellah hakusikia. Aliona tu vidole vya Fahim vikiifungua bahasha, vikikunjua karatasi, na macho yake yakitua juu ya maandishi na kubaki hapo. Alikawia. Ukumbi ukaanza kunyamaza kwa kungoja. Stellah alishika ukingo wa meza, akajisemea moyoni kwamba sasa, sasa hivi.

"'Habari Mhariri,'" Fahim akasoma. "'Najua kwamba leo umeme umepotea nchi nzima na kwamba pengine unasoma haya kwa betri iliyobaki. Nakukumbusha tu kwa upole kwamba vigae vyetu vya bafuni havihitaji umeme.'"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Waandishi walipiga meza kwa viganja. Stellah aliinuka bila kujua nani aliyemwinua, akapita katikati ya meza huku watu wakimshika mkono, akapanda. Fahim alimkabidhi panya wa mbao, akampisha maikrofoni. Hakumtazama usoni. Kwa karibu, Stellah aliona kwamba karatasi aliyoisoma ilikuwa moja tu. Hapakuwa na nyingine chini yake.

"Asanteni," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Nilidhani mtasoma nyingine."

"Kwani ziko zingine?" Musembi alidakia, na watu wakacheka tena.

"Ziko," Stellah alisema, akashuka.

Alirudi kitini akiwa mwepesi. Amepona. Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angejua. Alikata kipande cha kuku baridi, akakitafuna, akakiona kitamu. Bi. Phoebe alikuwa ameshampiga panya picha na anatafuta maneno ya kuiwekea. Lakini kipande cha pili hakikupita. Alimtazama Fahim kule mbele, ameinamisha kichwa akimsikiliza jirani yake, mabega yamekunjwa vile vile, ndipo Stellah akajiuliza jambo ambalo hakuwa amejiuliza tangu masika. Alikuwa wapi Fahim aliposoma? Alikuwa ameketi na nani? Siku zote hizi Stellah alikuwa ameiona barua ile ikisomwa jukwaani, kwenye ukumbi, mbele ya wenzake, na hakuwahi hata mara moja kuiona ikifunguliwa na mtu aliyefiwa. Alikuwa ameililia barua, hakumlilia mtu. Aibu iliyompanda sasa haikuwa ile aliyoizoea. Ile ya mwanzo ilitaka kujificha. Hii ilimwinua kitini.

"Unaenda wapi? Tunapiga picha," Bi. Phoebe alisema.

"Nakuja, Madam."

*

Fahim alikuwa ametoka nje ya ukumbi, kwenye baraza yenye meza ya chai, anajimiminia kahawa. Stellah alimwendea akiwa bado ameshika panya wake wa dhahabu, asijue pa kumweka.

"Kaka Fahim."

"Stellah. Hongera."

"Pole ya mama," Stellah alisema. "Nakupa leo kwa mdomo wangu. Na zile barua zilizofuata hazikutoka mkononi mwangu, mfumo wa ofisi ndio uliozituma, lakini maneno ni yangu, niliyatunga mimi. Nilipoyaona niliogopa nikanyamaza. Leo pia nimekaa hapo ndani nikiogopa usinisome. Nisamehe."

Fahim alikoroga kahawa ambayo hakuwa ameitia sukari. "Nishapoa," alisema, vile watu wa kwao wanavyoipokea pole. Kisha akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ulidhani ningemsoma mama yangu mbele ya watu wanakula kuku?"

Stellah alimgeuza panya mkononi.

"Ile ya kwanza ilinikasirisha, sitakuficha," Fahim aliendelea. "Ya pili nikazima simu. Hiyo ya tatu nimeipata tumo kwenye hitima, nimekaa na wajomba zangu. Nikasoma, mhusika yuko tayari kwa mahojiano. Wallahi nilicheka. Nilitoka nje nikacheka mpaka dada yangu akanifuata, akidhani nimepagawa. Nikampa simu asome. Akacheka yeye. Tulishikana pale uani tukicheka kama watoto, halafu hatukujua ni saa ngapi kicheko kimekuwa kilio. Na mimi nilikuwa sijalia, Stellah. Tangu nipigiwe simu ya msiba nilikuwa sijalia."

Kutoka ukumbini kulisikika makofi, na sauti ya Musembi ikimwita mtu.

"Nilidhani umeninunia," Stellah alisema. "Hukunipigia tena."

"Mimi?" Fahim aliweka kikombe. "Mimi nilikuwa nangoja jibu lako."

"Jibu la nini?"

"Nilikuandikia. Usiku ule ule. Ulisema mhusika yuko tayari, nikakuletea maswali. Nilijua ni mashine, si mjinga. Lakini chini pana jina lako, nikasema, Stellah ataiona asubuhi, atanipigia. Nikangoja. Nikarudi Nairobi, nikangoja. Halafu nikaona haya. Nikasema, pengine nimemwandikia mtu wa kazini mambo ya nyumbani." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na sauti. "Mwandishi anamngojea afisa wa uhusiano mwema ajibu barua. Hata hizi tuzo hazina kitengo hicho."

Stellah alikumbuka mkono wake ukilifuta jina la Fahim kwenye Msaidizi, na jinsi alivyopumua baada ya hapo. Mtu aliyefutwa huko, barua zake haziingii kwenye kikasha. Hutupwa upande wa zile zisizotambuliwa, pamoja na wanaouza mikopo na dawa za nguvu, na hakuna anayetazama huko.

"Sikuipata," alisema. "Nilikuwa nimekufuta jina. Nilidhani nakulinda."

Alimweka panya kwenye meza ya chai, kati ya vikombe, akatoa simu. Fahim alisema si lazima, yalishapita, lakini Stellah alikuwa ameshaanza kutafuta, kidole kikishuka juu ya matangazo ya mikopo, ya viwanja, ya safari za bei nafuu. Akaipata. Ilikuwa na kichwa "Maswali kwa mhusika". Haikuwa imefunguliwa. Akaisoma pale pale akiwa amesimama.

"Nashukuru kwa nafasi hii. Maswali yangu ni haya.

"Mama, kile kikohozi ulichosema ni vumbi la kufagia, kilikuwa vumbi kweli?

"Uliponambia nisije Idi, nipumzike, kazi ni nyingi, ulitaka nisije?

"Nilipokuwa nikikwambia niko mkutanoni, ulikuwa unajua siko mkutanoni?

"Siku ya mwisho ulipiga simu nikaitazama ikilia. Nilikuwa naandika habari ya benki. Ulitaka kunambia nini?

"Hayo tu. Naweza kuongeza mengine mhusika akiwa na muda."

Stellah aliisoma hadi chini, kisha macho yakakataa kuendelea kuona. Alikuwa mtu wa maneno. Hakuna hali ambayo hakuwahi kuitafutia sentensi: viwanda vilivyofungwa, wakurugenzi waliofukuzwa, ghala lililoungua. Sasa alitafuta sentensi akakosa, na hakujaribu tena. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa, kichwa cha Bi. Phoebe kikatokeza. "Stellah, mpiga picha anaenda. Njoo na panya."

"Pigeni tu, Madam," Stellah alisema bila kugeuka. "Mimi nitakawia."

Bi. Phoebe aliwatazama wawili hao, akaufunga mlango taratibu.

Stellah alitia simu ndani ya mkoba. Akajipangusa uso kwa kiganja. Kulikuwa na jambo moja alilotaka kulijua, na lilimshangaza kwamba hakuwa amelijua alipokuwa akiandika zile rambirambi alizoona ni za kweli.

"Aliitwa nani?"

Fahim alimtazama kama aliyeulizwa kwa lugha nyingine. Kisha mabega yakashuka.

"Hapa Nairobi hakuna aliyeniuliza," alisema. "Wote mnasema mama, mama." Akalitaja jina lote polepole, kama anavyolitaja mtu anayetaka liandikwe sawasawa. "Maimuna. Maimuna binti Shamsudin."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkali," Fahim alisema, akavuta viti viwili kutoka ukutani, kimoja akamsogezea. "Mkali kweli kweli. Kaa, maana hapo pana maneno."

Stellah akakaa.